Nani Atakudhamini? Historia Fupi ya Barua ya Mapendekezo

Soma tangazo la kazi serikalini hapa Tanzania, shuka mpaka karibu na mwisho. Utakuta sharti hili: mwombaji ataje wadhamini watatu, pamoja na anwani zao na namba za simu. Matangazo ya ufadhili wa masomo nje nayo hutaka barua mbili au tatu kutoka kwa watu waliokufundisha. Vyeti unavyo. Matokeo unayo. Wasifu umeshauandika na kuurudia mara nne. Ila kwenye barua ndipo wengi wetu tunapokwama, kwa sababu ndicho kitu pekee katika maombi yako ambacho hakiko mikononi mwako. Kiko kwa mwalimu ambaye hajajibu ujumbe wako wa wiki mbili zilizopita.

Hebu tuliangalie kwanza hilo neno, mdhamini. Ndilo hilohilo la mahakamani na la benki. Anayekudhamini polisi anaweka jina lake na mali yake rehani. Ukitoroka, yeye ndiye atakayeulizwa uko wapi. Sasa mwalimu anayekuandikia barua ya mapendekezo, au rekomendesheni kama tunavyoiita mtaani, anaweka nini rehani? Na kama haweki kitu, barua yake ina thamani gani?

Swali hili lina zaidi ya miaka elfu mbili. Wamekutana nalo Warumi, masheikh wa pwani yetu, mtoto wa fundi viatu wa Uingereza, Darwin, Einstein na Oppenheimer. Tupite kwao mmoja mmoja, halafu turudi nyumbani kwenye ile sentensi unayoijua vizuri: "Andika mwenyewe, niletee nisaini."

Alama ya Cicero

Cicero alikuwa mwanasheria na mwanasiasa wa Roma katika karne ya kwanza kabla ya Kristo. Barua zake nyingi zimetufikia. Katika mkusanyiko wa barua alizowaandikia marafiki na watu aliofahamiana nao, kitabu cha 13 kina barua 79, na karibu zote ni za kumwombea mtu fulani kwa mtu mwingine mwenye madaraka. Roma ya wakati ule haikuwa na mitihani ya kuingia kwenye utumishi. Ukitaka gavana wa jimbo la mbali akupokee, akusikilize au akupe kazi, ulihitaji mtu mkubwa wa kukuandikia.

Lakini mtu mkubwa huombwa na kila mtu, na kumnyima rafiki barua ni kumvunjia heshima. Basi Cicero akaandika, akaandika tena. Katika barua moja kwa Valerius Orca, aliyekuwa akitawala jimbo la Afrika (sehemu kubwa yake leo ni Tunisia), anamkumbusha jambo walilokubaliana: barua za kuwaombea watu wa rafiki yake mmoja, ambao alitaka wasaidiwe kwa dhati, angezitia alama ili gavana azitambue.

Ebu fikiri. Kama barua inahitaji alama ili ichukuliwe kwa uzito, zile zisizo na alama zilikuwa na uzito gani? Miaka elfu mbili iliyopita, tayari sifa zilikuwa zimeshuka thamani kama noti zilizochapwa kupita kiasi. Barua iliyoandikwa kwa sababu mwandishi hawezi kukataa humwambia msomaji kitu kimoja tu: kwamba mwandishi hawezi kukataa.

Ijaza: taja kitabu, taja mwalimu

Katika elimu ya Kiislamu ulikua utaratibu mwingine, wa ijaza. Mwanafunzi alikaa na sheikh, akasoma naye kitabu fulani, na sheikh aliporidhika akampa ruhusa ya kukisomesha. Ijaza ilitaja kitabu. Ilimtaja sheikh, na mara nyingi sheikh wa sheikh, mnyororo ukapanda mpaka kwa mtunzi mwenyewe. Haikutolewa na taasisi yenye muhuri. Ilitolewa na mtu, kwa mtu.

Pwani yetu iliujua utaratibu huu vizuri. Sayyid Ahmad bin Sumayt (1861–1925), mzaliwa wa Ngazija aliyekuja kuwa kadhi Zanzibar, ni mmoja wa wanazuoni waliovuka bahari kwenda Hadhramaut na kwingineko kutafuta elimu na ijaza za masheikh wa huko. Mtu kama huyo alipofika mji mgeni, swali aliloulizwa lilikuwa rahisi: umesoma nini, kwa nani?

Zingatia kitu kimoja hapa. Msingi wa ijaza haukuwa kwamba kijana ana nidhamu, anajituma na anaweza kufanya kazi na wenzake. Ilieleza tukio: huyu amesoma kitabu hiki, nami. Sheikh akimpa ijaza asiyestahili, anatia doa kwenye mnyororo wenye jina lake na la mwalimu wake. Hiyo ndiyo rehani. Ni kweli pia kwamba zilikuwepo ijaza za baraka, nyingine wakipewa hata watoto wadogo ambao wasingeweza kuelewa kilichosomwa. Ugonjwa wa Cicero haukukosa kufika huko. Hata hivyo mfano wenyewe ulikuwa imara: sema ulichokishuhudia.

Kwa njia, hata neno letu "cheti" limetoka kwenye neno la Kihindi lenye maana ya barua fupi. Kabla karatasi ya elimu haijawa ya chuo, ilikuwa neno la mtu.

Mtoto wa fundi viatu

Sasa tuvuke kwenda Uingereza ya karne ya 19. George Boole alizaliwa Lincoln mwaka 1815, baba yake fundi viatu. Chuo kikuu hakukisoma. Alianza kufundisha akiwa na miaka 16 ili aisaidie familia, na hisabati ya juu akajifundisha mwenyewe kwa vitabu. Mwaka 1844 Royal Society ya London ilimpa medali kwa makala yake ya hisabati, lakini shahada hakuwa nayo hata moja.

Serikali ya Uingereza ilipoamua kufungua vyuo vipya Ireland, Boole aliomba kazi. Wakati ule mwombaji alikusanya mwenyewe barua za wazi za watu waliomfahamu, akaziambatanisha na maombi. Wengine walizichapisha kabisa kama kijitabu. Miongoni mwa waliomwandikia Boole alikuwemo Augustus De Morgan, profesa wa hisabati London, ambaye alikuwa anazijua kazi zake. Mwaka 1849 Boole, asiye na shahada, aliteuliwa kuwa profesa wa kwanza wa hisabati katika chuo kipya cha Cork. Ile hesabu ya kweli na si kweli inayoendesha kompyuta au simu unayosomea makala hii inaitwa kwa jina lake.

Nimemleta Boole kwa sababu wapo wanaosema barua hizi zifutwe zote, tubaki na alama za mtihani. Kwa alama za mtihani, Boole asingekuwa na kitu cha kuonyesha. Barua ikiandikwa na anayejua, inaweza kumwona mtu ambaye karatasi hazimwoni.

Kijana aliyetembea na Henslow

Barua inayonivutia kuliko zote ni ya Agosti 1831. Jeshi la majini la Uingereza lilikuwa linatuma meli, Beagle, kuzunguka na kupima pwani za Amerika Kusini, na nahodha Robert FitzRoy alitaka msomi wa kusafiri naye. Ombi likapita Cambridge mpaka kwa John Stevens Henslow, profesa wa botania. Henslow akamtaja kijana wa miaka 22 aliyekuwa amemaliza masomo mwaka huohuo: Charles Darwin.

Henslow alimwandikia Darwin tarehe 24 Agosti kumweleza alivyompendekeza. Alichosema, kwa maneno yangu, ni hiki: sikukutaja kwa kudhani kwamba wewe ni mtaalamu wa viumbe aliyekamilika, ila unafaa kabisa kukusanya, kutazama na kuandika chochote kinachostahili kuandikwa.

Rudia kusoma hiyo. Hajasema Darwin ni bora kuliko wanafunzi wote. Amesema bado hajakamilika. Kisha akataja kazi tatu ambazo safari ile ilizihitaji, akasema hizo ataziweza. Na alikuwa na haki ya kusema, maana pale Cambridge Darwin alijulikana kama yule kijana anayetembea na Henslow. Walizunguka pamoja mashambani wakitafuta mimea. Henslow alimwona akikusanya, akitazama, akiandika. Barua yake ilikuwa ijaza bila kuitwa ijaza.

Hata hivyo, barua ya Henslow haikutosha. Baba yake Darwin alikataa, akasema atabadilisha msimamo endapo mwanawe atampata mtu mmoja mwenye akili timamu wa kuiunga mkono safari hiyo. Mjomba wake, Josiah Wedgwood, akaandika barua akijibu hoja za baba moja baada ya nyingine. Baba akakubali, na Beagle ikaondoka tarehe 27 Desemba 1831. Kwa hiyo tukumbuke: Darwin alikuwa na profesa wa kumtaja, mjomba wa kumtetea na baba wa kulipa gharama. Kipaji alikuwa nacho, na watu alikuwa nao.

Asiye na mtu

Upande wa pili wa hadithi tunauona kwa Einstein. Alimaliza masomo Zurich mwaka 1900. Wenzake waliofaulu pamoja naye walipata kazi za usaidizi chuoni, yeye hakupata. Alikuwa mtoro wa vipindi, na uhusiano wake na profesa wa fizikia, Heinrich Weber, ulikuwa umeharibika. Aliandika maombi kwa maprofesa mbalimbali bila mafanikio, akashuku kwamba Weber ndiye anayemharibia.

Aprili 1901 baba yake, Hermann, alimwandikia mkemia mashuhuri Wilhelm Ostwald wa Leipzig, bila mtoto kujua. Alikuwa mfanyabiashara asiye na jina katika sayansi, akimwomba profesa asiyemfahamu amtie moyo mwanawe na, kama inawezekana, amsaidie kupata nafasi. Hakuna jibu linalojulikana. Kilichomwokoa Einstein kilikuwa kitu tunachokijua sana huku kwetu: rafiki yake wa darasani, Marcel Grossmann, alikuwa na baba anayefahamiana na mkurugenzi wa ofisi ya hataza mjini Bern. Mwaka 1902 Einstein akaajiriwa pale. Ndiyo, hata Einstein aliingia kwa kumjua mtu anayemjua mtu.

Miaka ilipita. Ostwald yuleyule ndiye aliyekuwa wa kwanza kumpendekeza Einstein kwa Tuzo ya Nobel. Na mwaka 1911, chuo chake cha zamani cha Zurich kilipofikiria kumwajiri kama profesa, barua zilitoka kwa Marie Curie na Henri Poincaré. Ya Poincaré ni ya ajabu kidogo. Alieleza kwamba kwa kuwa Einstein anatafuta kila upande, tutegemee njia nyingi anazoziendea ziishie ukutani. Lakini mojawapo ikiwa sahihi, hiyo inatosha. Hapo tena, kama kwa Henslow, mwandishi anataja mpaka wa anachokijua, na kwa kufanya hivyo anaaminika zaidi.

"Tabia njema" ya nani?

Sasa sehemu chungu. Marekani, miaka ya 1920, vyuo vikubwa vilianza kutaka zaidi ya alama za mtihani: mahojiano, maelezo ya familia, na barua za kueleza "tabia" ya mwombaji. Kwa kusikia tu, ni jambo zuri. Ila chanzo kikubwa cha hamu hiyo kilikuwa kwamba vijana wa Kiyahudi, wengi wao watoto wa wahamiaji, walikuwa wanafaulu mitihani kwa wingi kuliko vyuo vilivyopenda. Mwaka 1922 rais wa Harvard, A. Lawrence Lowell, alipendekeza waziwazi kuwekwe kikomo kwa idadi yao. Kikomo cha wazi kilipingwa, lakini kipimo cha "tabia" kikapita mlango wa nyuma. Mtihani haujui jina la mtu, lakini anayeandika barua analijua.

Tazama barua ya mwaka 1925. Percy Bridgman, mwanafizikia wa Harvard ambaye baadaye alipata Nobel, alikuwa anampendekeza mwanafunzi wake Robert Oppenheimer kwa Ernest Rutherford kule Cambridge. Kama barua, ni ya kweli na ya makini: inasifu uwezo wake mkubwa wa hisabati, inakiri kwamba maabara siyo nguvu yake, inasema kumchukua ni kama kamari lakini akifanikiwa atafanikiwa kwelikweli. Kisha Bridgman anaongeza kwamba, kama jina linavyoonyesha, kijana ni Myahudi, ila hana zile sifa za kawaida za watu wake. Yaani alidhani anamsaidia! Rutherford hakumchukua, Oppenheimer akaishia kufanya kazi chini ya J. J. Thomson katika maabara ileile.

Barua hiyo inafundisha mambo mawili kwa mpigo. Sehemu ya kwanza ni ushahidi wa mtu aliyeona kazi. Sehemu ya pili ni ubaguzi wa zama zake, umeketi kwenye ukurasa uleule, umetiwa saini ileile. Aliyeandikwa hakuwepo kujitetea, kwa sababu barua ni ya siri.

Kisanduku cha kuweka tiki

Ukiomba chuo Marekani utakutana na kisanduku kinachouliza kama unaachia haki yako ya kuisoma barua ya mapendekezo. Wengi hubofya bila kujua kimetoka wapi. Kimetoka kwenye sheria ya mwaka 1974 iliyowapa wanafunzi wa Marekani haki ya kuona kumbukumbu zao zinazotunzwa na shule na vyuo. Barua zikaingia humo, isipokuwa mwanafunzi mwenyewe akikubali kwa maandishi kutoziona. Ndiyo maana ya kile kisanduku. Washauri wengi husema ukubali, kwa hoja kwamba barua ambayo mwanafunzi anaweza kuisoma huchukuliwa kama barua iliyopakwa sukari.

Lakini siri nayo ina gharama, na hapo utafiti unatusaidia. Mwaka 2003 Frances Trix na Carolyn Psenka walichapisha uchambuzi wa barua zaidi ya 300 za waliopata kazi katika shule moja kubwa ya tiba Marekani. Barua za wanawake zilikuwa fupi zaidi kwa wastani, na zilikuwa na maneno mengi zaidi ya kutia shaka. Mwaka 2016, Kuheli Dutt na wenzake walichapisha katika jarida la Nature Geoscience uchambuzi wa barua 1,224 kutoka nchi 54, zote za waombaji wa nafasi za utafiti baada ya uzamivu katika sayansi za dunia. Wanawake walikuwa na nafasi ndogo zaidi, karibu nusu ya wanaume, ya kupata barua ya kiwango cha juu kabisa badala ya barua nzuri ya kawaida. Na waandishi wa kike hawakuwa tofauti na wa kiume. Bridgman hakuwa mtu wa ajabu. Sote tukishika kalamu tunaandika na macho tuliyolelewa nayo.

Turudi nyumbani

Kwetu barua hizi ziliingia na shule za misheni na za serikali ya kikoloni. Mwaka 1949 Julius Nyerere alikwenda Chuo Kikuu cha Edinburgh, akarudi na shahada yake mwaka 1952. Kabla ya hapo alikuwa mwalimu St. Mary's, Tabora, na mkuu wa shule hiyo, Padri Richard Walsh, alimsaidia sana katika njia ya kwenda kusoma. Nyerere alikuwa na kipaji ambacho hakuna anayekibishia. Ila nafasi zilikuwa chache mno, na kijana mwenye akili kama yake ambaye hakuwa na Padri Walsh hatumjui jina. Hatuwezi hata kumhesabu. Hilo ndilo tatizo la mlango unaofunguliwa na watu: wanaobaki nje hawaandikwi popote.

Leo watoto wa wakulima wamejaa vyuoni, na hilo ni jema. Ila hesabu imebadilika. Barua ya Henslow ilitokana na matembezi ya mwalimu na mwanafunzi mmoja. Mhadhiri wa leo anasimama mbele ya ukumbi wa watu mia nne, anasahihisha rundo la mitihani, anasimamia tafiti za wengi kwa wakati mmoja. Akija mhitimu wa miaka mitatu nyuma kuomba barua, amjue vipi? Hapo ndipo inapozaliwa ile sentensi: "Andika mwenyewe, niletee nisaini." Siwalaumu wote wanaoisema. Wengine wanaisema kwa huruma, ili usikose siku ya mwisho ya maombi.

Lakini tazama kinachopotea. Kwanza anapotea shahidi. Barua inabaki na saini ya mtu ambaye hajasema kitu. Ni kama barua ya utambulisho ya serikali ya mtaa iliyogongwa muhuri na mwenyekiti ambaye hajawahi kukuona. Pili, wewe mwenyewe unaumia. Tumelelewa na methali kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mtu aliyekulia hapo, ukimwambia ajisifu kwa sauti ya profesa wake, ataandika maneno ya baridi, au atachukua kielelezo cha intaneti na kubadilisha jina. Matokeo yake barua tatu za wadhamini watatu zinakuwa na sentensi zilezile, na kamati inayozisoma inazijua. Tatu, anayefaidika ni yule ambaye tayari ana kaka au rafiki huko nje wa kumwonyesha jinsi ya kuandika. Tumerudi kwa Grossmann na baba yake.

Kuna jambo jingine linalotuhusu sisi hasa. Mwaka 1948 Richard Duffin alimwandikia barua John Nash, aliyekuwa anaomba kuingia Princeton: sentensi chache tu, zikieleza umri wake, anamaliza lini, na kwamba ni kipaji kikubwa cha hisabati. Ikatosha, na barua hiyo imekuwa maarufu. Usiige. Barua ya mistari mitatu kutoka kwa mtu anayejulikana hubebwa na jina lake. Mhadhiri wako anaweza kuwa bora kabisa, ila kama kamati ya kule Ulaya haijawahi kumsikia, jina lake halitabeba mzigo huo. Kinachobaki kuubeba ni maelezo: alikuona ukifanya nini, lini, na matokeo yalikuwa yapi.

Basi ufanye nini?

Kama wewe ndiye unayeomba, muulize mwalimu swali la uwazi kwa adabu: "Mwalimu, je, unaifahamu kazi yangu kiasi cha kuweza kuniandikia barua ya kunitetea?" Akisita, mshukuru umtafute mwingine. Msaidizi wa mihadhara aliyesimamia kazi yako ya maabara wiki baada ya wiki anaweza kuwa shahidi bora kuliko profesa aliyekuona siku ya mahafali.

Akikubali, mpe kumbukumbu. Karatasi moja: kozi aliyokufundisha na mwaka, kichwa cha utafiti wako, tatizo ulilokutana nalo na ulivyolitatua, kitu alichowahi kukusahihisha ukakirekebisha. Ambatanisha kazi yenyewe na tangazo la unachoomba. Mpe wiki tatu au nne, kisha mkumbushe bila kuona aibu. Na akikwambia uandike mwenyewe, mpelekee karatasi hiyo na umwombe aongeze angalau aya moja ya kitu alichokiona kwa macho yake. Wengi wakishapata pa kuanzia, huandika.

Na kama wewe ndiye unayeombwa, maana wengi wetu tukishafika uzamili tunaanza kuombwa na wadogo zetu wa shahada ya kwanza, basi historia hii yote inakuhusu zaidi. Kataa unapokuwa humjui mtu. Barua ya hovyo humdhuru kuliko kukosa. Unapoandika juu ya msichana, soma upya na ujiulize: je, nimesema ni mpole na msaidizi, wakati kwa mvulana mwenye kazi kama yake ningesema ana akili kali? Acha dini, kabila na familia ya mtu, visivyohusiana na kazi. Taja anachoweza, na usiogope kutaja ambacho bado anajifunza. Henslow alitaja, na Darwin alipanda meli.

Ukikwama mwanzoni, anza kama sheikh wa zamani: namfahamu tangu mwaka fulani, tulifanya kazi hii pamoja, na hiki ndicho nilichomwona akifanya. Ukishindwa kuikamilisha sentensi hiyo, kalamu iweke chini. Ukiweza kuikamilisha, andika jina lako hapo mwisho bila wasiwasi, maana sasa umemdhamini kweli.